Damu na moyo wa kijana anayefanya mazoezi makali

Mazungumzo pamoja na wamama siku ya kupima watoto

Sogeeni karibu. Mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe tu, hatuna haraka. Leo hatutazungumza juu ya uji wala juu ya chanjo. Tutazungumza juu ya wale wakubwa mliowaacha nyumbani ao waliokwenda shuleni, wale wenye miaka 12, 14, 17, wanaoamka saa kumi na moja ya asubui kukimbia barabarani, na magaribi tena wako uwanjani paka giza. Mmoja anacheza mpira, mwingine baske, wasichana wako na nzango na volei. Wanasema wanafanya antrenema. Sisi wamama tunaona tu nguo chafu na sufuria tupu.

Mama mmoja aliniuliza: "Mama muuguzi, hii mazoezi inaongeza damu ya mtoto wangu ao inaimaliza?" Ni swali zuri sana. Jibu ni kwamba inaweza kufanya yote mawili. Kwa hiyo tulifungue polepole.

Tuanze na moyo. Moyo ni nyama, sawa na nyama ya mkono. Mnajua mkono wa mama anayetwanga sombe kila siku: unakuwa mgumu, unakuwa na nguvu, na yeye hachoki upesi kama mgeni aliyeshika mtwango leo kwanza. Moyo wa kijana anayekimbia kila siku uko vile vile. Unakuwa mkubwa kidogo, unakuwa na nguvu, na kila pigo linasukuma damu nyingi zaidi. Mtu akikaa kimya, moyo wake unasukuma karibu litri 5 za damu kila dakika. Akikimbia kwa nguvu zote, inafika litri 20, na kwa wakimbiaji waliozoea sana inaweza kupita 30. Litri 30 kwa dakika moja! Hesabuni madumu ya maji mnayobeba toka kisimani.

Kwa kuwa pigo moja linasukuma damu nyingi, moyo huu hauna haja ya kupiga mara nyingi wakati kijana anapumzika. Ndiyo maana mnaweza kumpima mchezaji mzuri asubui mkakuta mapigo 50 tu kwa dakika, na kaka yake asiyecheza anapiga 75. Msiogope. Kama kijana ana nguvu, hana kizunguzungu, haanguki, hiyo si ugonjwa.

Nitawafundisha kupima, hata mama asiyejua kusoma anaweza, mradi kuwe na saa. Tia vidole viwili, si kidole gumba, kwenye kifundo cha mkono wa mtoto, upande wa kidole gumba chake. Fanya hivyo asubui mbele hajatoka kitandani. Hesabu dakika nzima. Fanya siku tatu ao ine, utajua mapigo yake ya kawaida. Kisha, ukiona siku moja yamepanda, kesho yamepanda tena, na kesho kutwa tena, ujue kuna jambo: homa inakuja, ao amechoka kupita kiasi, ao damu imepunguka. Siku hiyo asiende kukimbia.

Sasa damu yenyewe. Damu iko na maji yake, na ndani ya maji mna chembe nyekundu ndogo sana zinazobeba pumzi toka kwenye mapafu mpaka kwenye miguu. Fikirini mchuzi wa maharagi. Maharagi ndiyo chembe, mchuzi ndiyo maji. Kijana akianza mazoezi makali, mwili wake unaongeza mchuzi upesi, katika siku chache tu. Maji ya damu yanaweza kuongezeka sehemu moja kwa kumi, hata mbili kwa kumi. Maharagi yanaongezeka pia, lakini polepole, kwa majuma na miezi. Basi katikati hapo, mtu akichota kijiko kimoja na kuhesabu, atasema maharagi yamepunguka. Hapana! Sufuria imejaa kuliko zamani, ni mchuzi tu umezidi.

Hiyo ndiyo inatokea kwenye laboratware. Mchezaji anapimwa, wanakuta damu iko chini kidogo, na mama anarudi nyumbani akilia. Kupunguka kwa namna hii ni kudogo, hakumchokeshi mtoto, na hakutaki dawa yoyote. Tena kunamsaidia: damu nyepesi inapita vizuri katika mishipa, na maji yale yanatoa jasho la kupoza mwili. Mkimuona kijana anakula, analala, anakimbia kama kawaida yake, na damu iko chini kidogo tu, muwe na amani.

Lakini kuna kupunguka kwa kweli, na hapo ndipo nataka mnisikilize.

Mazoezi makali yanatoboa mfuko wa damu matundu madogo madogo. Jasho linatoka na chuma kidogo, ile feri ambayo mwili unatengenezea chembe nyekundu. Tumbo la mkimbiaji wa mbali linaweza kuvuja damu kidogo isiyoonekana. Na miguu! Kila mguu unapopiga barabara ngumu, chembe zinazopita chini ya unyayo zinapondwa. Tangu mwaka 1881 munganga mmoja wa Ujerumani aliandika juu ya askari aliyekojoa mkojo mwekundu kila mara nyuma ya kutembea mwendo mrefu wa kiaskari. Alikuwa ameponda damu yake mwenyewe kwa miguu. Mara nyingi haina hatari kubwa, inapita siku moja ao mbili. Lakini mtoto akisema mkojo wake umekuwa mwekundu ao mweusi kama Coca, asifiche, na wewe usifiche. Mlete na mkojo wenyewe katika chupa safi. Inaweza kuwa miguu, inaweza kuwa bilharzia, inaweza kuwa malaria mbaya, inaweza kuwa nyama za mwili zilizoumia. Kwa macho hatuwezi kutofautisha.

Matundu hayo ya mazoezi ni madogo. Peke yake, kwa mtoto anayekula vizuri, hayamalizi mfuko. Taabu yetu hapa kwetu ni kwamba mfuko umekwisha kutobolewa na wengine. Malaria inavunja chembe nyekundu nyingi kwa siku chache. Nyoka wa tumbo, wale wanaoingia kupitia ngozi ya miguu isiyo na viatu, wanang'ata utumbo na kunywa damu mchana na usiku. Msichana aliyeanza kwenda mwezini anapoteza damu kila mwezi. Na wote, wavulana na wasichana, wanakua urefu upesi katika miaka hiyo, na mwili unaokua unataka damu mpya. Juu ya hayo yote weka kukimbia saa mbili kila siku na sahani moja ya bugali. Mfuko utajazwa na nini?

Kwa hiyo mimi siku zote nawaambia wanafunzi wangu wa shule ya uuguzi: mchezaji akikosa damu katika nchi yetu, msianze kushitaki mpira. Tafuteni malaria, tafuteni nyoka, angalieni sahani.

Nitawapa mfano, bila kutaja jina. Msichana wa miaka 14, mchezaji mzuri wa nzango, mwenye kuruka kuliko wenzake. Miezi miwili akawa anachoka. Akipanda kilima cha kwenda shule anasimama mara tatu. Antreneri akasema amekuwa mvivu, akamzidishia kukimbia. Baba akasema ni maneno ya wavulana. Mama ndiye aliyeona kwamba mtoto anakula udongo kwa siri, na ndani ya midomo mwake mmekuwa meupe. Akamleta. Damu yake ilikuwa gramu 7, na msichana wa umri ule anapaswa kufika 12 walau. Katika choo tukakuta mayai ya nyoka wengi. Akapewa dawa ya nyoka, vidonge vya feri na asidi foliki, akaacha kukimbia kwa muda. Mwezi wa kwanza alianza kucheka. Nyuma ya miezi mitatu alirudi uwanjani, na vidonge aliendelea kuvimeza hata alipojisikia mzima, kwa sababu damu ikirudi, akiba ya feri bado haijarudi. Uvivu haukuwapo hata siku moja.

Zishikeni hizi dalili, maana ni wewe mama unayeziona, si antreneri: mtoto anachoka kwa kazi aliyokuwa akiifanya bila taabu, anahema upesi, moyo unamdunda hata akiwa amekaa, kichwa kinamuuma, viganja na ndani ya kope za macho ni vyeupe, anatamani kula udongo ao mchele mbichi. Kwa msichana kuna moja tena: mwezi wake unaharibika. Ukitoka kwa wingi sana, siku nyingi, damu inaisha. Na ukikatika, wamama, najua wazo lenu la kwanza, na ni vizuri kulichunguza. Lakini kuna wasichana ambao mwezi unakatika kwa sababu wanakimbia sana na kula kidogo. Mwili unafunga mlango kwa kuwa chakula hakitoshi. Msimpige mtoto mbele hamjamuuliza na hamjamleta.

Sasa chakula. Wengi wenu mnanunua kinywaji chekundu, mnasema kinafanana na damu kwa hiyo kitaleta damu. Rangi haileti damu. Ni sukari na maji, na franka zenu zimekwenda. Damu inatoka kwenye nyama, kwenye maini, kwenye ndagala na sambaza, na kwa kadiri ndogo zaidi kwenye maharagi, soya, lengalenga na sombe. Feri ya majani na ya maharagi ni ngumu kuingia mwilini, lakini inaingia vizuri ukila pamoja na samaki kidogo, ao na kitu chenye uchungu wa limau: limau yenyewe, machungwa, papai, embe. Ndagala kiganja kimoja ndani ya sombe kinafanya kazi kubwa. Chai inafanya kinyume, inaifunga feri tumboni. Mtoto anywe chai yake mbali na chakula, saa moja ao mbili nyuma yake.

Na mchezaji ale kweli. Hapa sina haya kusema: katika nyumba nyingi samaki ni ya baba, na msichana anayecheza, anayebeba maji, anayetwanga, anapata mchuzi. Muangalie hilo nyumbani mwenu.

Vidonge vya feri msivinunue sokoni kwa kukisia. Kuna watoto wasiopaswa kuvipata bila munganga kuamua, nitawataja sasa hivi. Kama mmepewa, mtoto avimeze asubui mbele ya mazoezi, kwa sababu kwa saa kadhaa nyuma ya kukimbia sana mwili unakataa kupokea feri. Choo kitakuwa cheusi, msishituke. Na mviweke juu, mahali mdogo wake hafiki! Vidonge vichache vyenye rangi nzuri vinaweza kumuua mtoto wa miaka miwili.

Wasiopaswa kuvipata kwa kukisia ni hasa watoto wenye ugonjwa wa drepanositozi, tunaouita anemi SS. Chembe zao zinapinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Katika sehemu nyingi za inchi yetu, karibu watu wawili katika kumi wanabeba nusu ya ugonjwa huu, yaani AS, bila kuugua. Mume AS na mke AS wakizaa, kila mimba ina nafasi moja katika ine ya kuwa SS. Inatoka kwa baba na kwa mama sawasawa. Mtu asimfukuze mke kwa ajili yake.

Mtoto SS asishindane katika mbio wala mpira wa nguvu. Lakini msimfungie nyumbani kama kuku. Acheze polepole pamoja na wenzake, anywe maji mengi, asilowe mvua, asiogelee katika maji ya baridi, apumzike anapotaka.

Mtoto AS anaweza kucheza, hata kuwa bingwa. Yeye anataka uangalizi tu. Mwaka 1970 waganga wa Marekani waliandika juu ya askari wapya wane wenye AS waliokufa katika mazoezi ya jeshi, mahali penye urefu wa metre 1200 na zaidi kidogo. Goma na Bukavu ziko juu kuliko hapo. Jambo hilo hutokea mara chache sana, lakini namna yake inajulikana: siku za kwanza za mazoezi, jua kali, maji hakuna, na mtu anasukumwa aendelee hata miguu imekataa. Basi aanze polepole, anywe maji mbele, katikati na nyuma. Na antreneri anayewakimbiza watoto mizunguko ishirini kwa sababu walishindwa mchezo, mwendeeni wamama watatu ine, mzungumze naye kwa adabu. Hiyo si mafundisho.

Neno fupi juu ya bandama. Mtoto aliyetoka katika malaria, na upande wa kushoto wa tumbo umevimba, asicheze mpira paka munganga amguse na kuruhusu. Teke moja hapo linaweza kupasua bandama, na damu inamwagika ndani.

Nimeacha moyo mgonjwa kwa mwisho. Mnamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Cameroun, aliyeanguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003 na kufa, akiwa na miaka 28. Walikuta nyama ya moyo wake ilikuwa nene kupita kiasi, ugonjwa wa kuzaliwa nao. Mazoezi hayakuuleta, mazoezi yaliufunua. Na mtoto wetu, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka London tarehe 17 Machi 2012, miaka 23. Moyo wake ulisimama dakika 78. Hakufa! Watu walianza kumsukuma kifua pale pale chini, hawakuacha, wakamtia umeme wa kuamsha moyo, paka hospitali. Hakucheza tena kama kazi, lakini aliishi.

Kwa hiyo mtoto aliyewahi kuzimia AKIWA anakimbia, si nyuma ya kukimbia bali katikati, ao anayeumwa kifua akikimbia, ao mwenye ndugu aliyekufa gafula kijana bila sababu, asimame kucheza na aje kusikilizwa moyo. Musiseme ni uchawi kabla ya sisi kusikiliza.

Hapa kwetu kuna moyo mgonjwa mwingine, na huu mnaweza kuuzuia. Mtoto anaumwa koo na homa, mnasema itapita. Majuma mawili ao matatu nyuma yake magoti yanavimba, kisha kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Inapoa yenyewe, lakini imeuma milango ya moyo. Ninamjua kijana wa miaka 16 aliyepewa sindano ya penisilini ya kila majuma ine. Mwaka mmoja akawa mzima kabisa, wakaona ni franka za bure, wakaacha. Ugonjwa ulirudi mara mbili. Leo mlango wa moyo hauzibi vizuri, na ekipi iliyokuwa ikimtaka imechukua mwingine. Sindano alizianza tena, anafika kila tarehe. Koo lenye homa mlilete. Na sindano hizo ni za miaka mingi, hata mtoto anaruka kama mbuzi.

Maulizo ya wamama

"Mtoto akianguka uwanjani na munganga yuko mbali?" Muite, mtikise mabega. Kama haitiki na hapumui vizuri, hata akikoroma-koroma, msimmwagie maji mdomoni, msimtie kijiko kwenye meno. Mlaze chali mahali pagumu. Weka viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua, na sukuma kwa nguvu na upesi, mara 100 paka 120 kwa dakika, kifua kishuke kama sentimetre 5. Ukichoka mwingine apokee. Mwingine atafute gari. Msiache paka apumue ao mfike. Nyuma ya kupima watoto nitawaonyesha na mto, kila mama atajaribu.

"Wangu alitoka katika malaria siku ine zilizopita, na posho kuna mashindano ya shule." Amemaliza vidonge vyote? Mlete kesho tuguse bandama na kupima damu. Kama viko vizuri, arudi kwa kutembea kwanza, kisha kukimbia kidogo, juma moja ao mawili. Posho hii awe kando ya uwanja, abebe maji ya wenzake.